Shukrani kwa Msomaji Tusiyemjua Jina



Wapendwa wasomaji, wengi wenu mmezoea kukutana nasi hapa tukiandika juu ya Aristotle, au juu ya mechi ya mafrateri na vijana wa parokia ambayo kila mwaka tunafungwa. Safari hii mtuvumilie kidogo. Tuna deni la shukrani, na anayetudai hatumjui hata jina.

Sisi ni wanne, wote wa mwaka wa tatu wa falsafa, na aliyeshika kalamu leo ana miaka 25. Kwa muda wa karibu mwaka mzima tumekuwa tukiandika kile ambacho kwa Kiswahili tumeamua kukiita hadithi za mashabiki. Maana yake ni hii: mtu amesoma kitabu au ametazama filamu, akaipenda mpaka akashindwa kuiacha. Hadithi imekwisha, yeye bado ana maswali. Yule aliyebaki nyuma, ilikuwaje kwake? Basi anawachukua wahusika walewale na kuandika yaliyofuata. Hauzi alichoandika. Anawapa wengine wenye mapenzi kama yake wasome bure.

Jambo hili si la juzi. Huko Marekani, mwaka 1967, wapenzi wa Star Trek walichapa kijarida chao cha kwanza, Spockanalia, wakakipitisha mkono kwa mkono. Siku hizi hadithi hizo zimo kwenye intaneti kwa mamilioni. Hifadhi yake moja kubwa, Archive of Our Own, inaendeshwa na watu wa kujitolea, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo katika mkutano uliofanyika Dublin. Aliyekwenda kuipokea aliwaomba wote waliojiona ni sehemu ya kazi ile wasimame hapo walipo ukumbini. Tunapenda kufikiri kwamba baadhi ya waliosimama hawakuwahi kuandika hata hadithi moja, ila walizisoma za wenzao kabla hazijatoka.

Tuseme ukweli, katika hifadhi hizo kuna mengi ambayo mseminari hapaswi kuyasoma, na hata asiye mseminari angefanya vema kuyaacha. Hatujifanyi hayapo. Mlezi wetu mmoja alituuliza jambo jingine: je, kuchukua wahusika wa mtu mwingine si wizi? Tulijitetea kwamba hatuuzi, na kwamba jina la mwenye kitabu tunaliandika juu kabisa. Akatikisa kichwa, akatuacha. Hatujui kama alikubali au alichoka.

Kwa upande wetu yote yalianzia maktaba, kwenye rafu ya vitabu vilivyoachwa na mmisionari mmoja wa zamani. Hapo tulikuta vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis, vimeliwa na mende kwenye pembe. Tulivisoma kwa zamu, usiku, kabla taa hazijazimwa. Ni hadithi za watoto wanne wa Uingereza, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanaoingia katika nchi nyingine na kukutana na simba Aslan. Katika kitabu cha mwisho, The Last Battle, kilichotoka mwaka 1956, watoto hao wamekua. Inatokea ajali ya treni. Peter, Edmund na Lucy wanakufa, na wazazi wao pia, na wote wanajikuta katika furaha isiyo na mwisho. Wote, isipokuwa Susan. Yeye hakuwamo kwenye safari ile. Wenzake wanasema aliacha kuiamini Narnia, akashika mapambo na mialiko ya sherehe. Wanamtaja kwa maneno machache tu, na kitabu kinaendelea na furaha yake.

Sisi tulikwama hapo. Tunatoka katika nchi ambayo mtu akifiwa na watu watano kwa siku moja, kata nzima husimama. Huyu msichana wa miaka 20 na kitu, nani alimpelekea habari? Alilala wapi usiku ule? Baadaye tukagundua kwamba wasomaji wengi duniani wamekwama palepale, na kwamba mwaka 1960 msomaji mmoja mdogo alimwandikia Lewis kuhusu Susan. Lewis alimjibu kwamba hajakata tamaa juu yake, ila safari yake ya kurudi ingekuwa ndefu na ingefanana zaidi na riwaya ya watu wazima, na hiyo yeye hawezi kuiandika. Kisha akamuuliza yule mtoto kwa nini asijaribu kuiandika mwenyewe.

Tukajiona tumeruhusiwa.

Tuliandika kwa Kiingereza, kwa sababu wanaosoma hadithi za Narnia wako huko, Jumamosi alasiri tunaporuhusiwa kutumia chumba cha kompyuta. Kila mmoja wetu alichukua sura yake. Rasimu ilipofika kurasa 40 tulijiona tumekuwa waandishi.

Hapo ndipo tulipokutana na desturi moja ya watu hawa ambayo imetufundisha kuliko hadithi zenyewe. Mwandishi wa hadithi za mashabiki aliye makini hatoi hadithi yake kabla haijapita kwa mtu anayeitwa beta. Neno hilo limetoka kwa watengeneza programu za kompyuta, ambao programu ikiwa haijakamilika huwapa watu wachache waijaribu na kuona inapokwama. Beta wa hadithi anafanya vivyo hivyo. Anasoma rasimu, anasahihisha tahajia na sarufi, anakuambia mhusika wako hapa anaongea kama mtu mwingine, anauliza kwa nini mvua iliyonyesha ukurasa wa tatu haimlowanishi mtu ukurasa wa nne. Halipwi hata senti. Wako pia mabeta wa kazi maalumu. Wamarekani wanaoandika hadithi za Uingereza humtafuta Mwingereza awakagulie Uingereza yao, wasije wakamnywesha mtu kahawa pale ambapo angekunywa chai.

Tuliomba msomaji wa namna hiyo, akajibu mmoja. Jina alilotumia lilikuwa neno la Kiingereza la ndege mbayuwayu, na tarakimu mbili mbele yake. Alituambia mambo mawili tu juu yake: kwamba ni mwanamke, na kwamba mwaka 1949, ambao ndio mwaka wa ajali katika hadithi yetu, alikuwa mtoto mdogo Uingereza na anaukumbuka. Piga hesabu mwenyewe. Kati yetu tulimwita Bibi wa Sukari, na sababu ni hii.

Katika sura ya kwanza tulikuwa tumeandika msiba. Majirani wamejaa nyumbani kwa Susan, wanawake wako jikoni, vyungu vinachemka, mtu anapita na birika la chai na kila kikombe kinatiwa vijiko vitatu vya sukari. Rasimu ilirudi baada ya siku tisa. Alikuwa ameipaka rangi tatu: nyekundu kwa makosa, kijani kwa alichokipenda, bluu kwa maswali. Sura ile ilikuwa nyekundu kama kanzu ya kardinali. Alitueleza kwa upole kwamba mwaka 1949 sukari Uingereza ilikuwa bado ya mgawo, kwa sababu ya vita, na iliendelea kuwa hivyo hadi mwaka 1953. Kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgawo. Mama yake alikuwa akiificha sukari juu ya kabati. Hakuna ambaye angepita na birika akitia vijiko vitatu vitatu kwa umati wa watu.

Na umati wenyewe, akauliza kwa bluu, umetoka wapi?

Tulibishana naye. Tulimwandikia kwamba kwetu mfiwa haachwi peke yake, watu hulala matangani siku kadhaa, na kwamba hatukuweza kumfikiria Susan akiwa peke yake ndani ya nyumba yenye vitanda vitupu. Alijibu kwa sentensi chache. Alisema anatuonea wivu kwa desturi hiyo. Jirani wa Kiingereza angegonga mlango, angeacha keki ndogo iliyotengenezwa kwa sukari ya mgawo wake mwenyewe, na angeondoka, akiamini kwamba kuondoka ndiyo heshima. Kisha akaandika kwamba kama tulishindwa kumfikiria Susan akiwa peke yake, basi pengine hapo ndipo hadithi yetu ilipo.

Tukafuta sura nzima. Ilituuma, maana mmoja wetu alikuwa ametumia wiki mbili kuandika vile vyungu. Lakini nyumba ilipobaki tupu tulianza kuisikia saa ya ukutani.

Hayo ni ya ufundi, na kama yangekuwa hayo tu tungemshukuru kwa mistari miwili tukarudi kwa Aristotle. Kilichotufanya tuandike ukurasa huu ni mwisho wa hadithi.

Mwisho wetu wa kwanza ulikuwa mzuri sana kwa maoni yetu. Miezi sita imepita, Susan anaingia katika kanisa dogo la kijiji, mwanga unapita kwenye kioo cha rangi chenye sura ya simba, anapiga magoti, analia, na amani inamshukia. Mafrateri wawili tuliowasomea walisema ni kama homilia. Bibi wa Sukari hakutia nyekundu hata mahali pamoja. Alitia bluu mara moja, pembeni mwa ukurasa wa mwisho kabisa, na tunaitafsiri kama tunavyoikumbuka: hapa mnakimbia. Susan anajua kwa nini hakuwa kwenye treni. Kwa nini hamruhusu aseme?

Watatu kati yetu tulianza kutafuta namna ya kuongeza aya. Wa nne aliinuka, akatoka nje, na hakuonekana hadi Masifu ya Jioni.

Anayoyafuata ametupa ruhusa kuyaandika, kwa sharti tusiseme ni nani. Mkituona tumesimama mstari mnaweza kubahatisha, na huenda mkakosea mara tatu kati ya nne. Miaka kadhaa iliyopita, akiwa kidato cha sita, mama yake na wadogo zake wawili walikufa katika ajali ya basi wakienda harusini. Yeye alibaki nyumbani. Tangu siku ya mazishi watu wamemwambia jambo moja: Mungu alikuokoa, ana makusudi nawe. Paroko alimwambia hivyo, shangazi zake pia, jumuiya ndogo ndogo nayo vilevile. Alipoandika barua ya kuomba kuingia seminari aliliweka neno hilo, kwamba aliponea chupuchupu na akausikia wito. Nasi, tulipomsikia akisimulia wito wake mwaka wa kwanza, tulipiga makofi.

Ambacho hakuwa amemwambia mtu ni kwamba alibaki kwa sababu alikuwa amegombana na mama yake asubuhi ile. Alitakiwa avae koti la mjomba wake, yeye hakulitaka, akasema afadhali asiende. Mama alimgongea mlango mara mbili kabla ya kuondoka. Hakufungua. Alikuwa amelala kitandani, spika za masikioni ziko masikioni, na alisikia.

Kwa hiyo mtu aliye maili elfu kadhaa kutoka hapa, asiyejua kama sisi ni weupe au weusi, wazee au vijana, alisoma kurasa mbili za hadithi ya kubuni na akaona kwamba mwandishi anakimbia. Sisi tuliokuwa tunakula naye meza moja kwa miaka mitatu hatukuona. Tulisoma ule mwisho tukasema ni mzuri.

Alikwenda kwa baba yake wa kiroho usiku uleule. Waliyozungumza ni yao. Tunachoweza kusema ni kwamba alirudi na swali kubwa zaidi kuliko alilokwenda nalo: je, wito uliojengwa juu ya hadithi isiyo kamili ni wito? Bado yuko nasi, na bado anauliza. Walezi wanajua yote. Alimwandikia paroko wake barua upya, safari hii akiliweka na lile koti.

Mwisho wa hadithi aliuandika yeye peke yake, nasi tukakaa pembeni. Alikuwa amemuuliza Bibi swali moja tu: mtu akifa wakati ule, kitabu chake cha mgawo kilikwenda wapi? Akajibiwa kwamba kilipaswa kurudishwa ofisini. Basi katika mwisho mpya hakuna kanisa wala kioo cha rangi. Susan ameketi mezani jikoni, mbele yake kuna vitabu vitano vya mgawo anavyotakiwa kuvirudisha kesho. Anavipanga. Anasema kwa sauti, kwa vile hakuna wa kumsikia, kwamba walimwalika na alikataa, na kwamba alikataa kwa sababu hakutaka kuwa nao. Kisha anatia sukari kidogo kwenye chai yake, ya mgawo wake mwenyewe. Basi.

Tuliituma rasimu hiyo. Ilirudi haina rangi yoyote. Kulikuwa na mstari mmoja juu: sasa hamkimbii.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Desturi ya watu hawa ni kwamba juu ya hadithi, kabla ya neno la kwanza, mwandishi anamtaja beta wake na kumshukuru. Ndiyo malipo pekee anayopata. Sisi tulitoa hadithi yetu Jumamosi moja kwa haraka, kengele ya kazi za mikono ikiwa inakaribia, na hatukumtaja. Si kwa makusudi. Tulisahau kama mtu anavyosahau kumshukuru aliyempikia. Watu wakasoma, zaidi ya tulivyotarajia, wakasifu. Walichosifu zaidi ni sukari na vile vitabu vitano. Mmoja alishangaa jinsi vijana wa Afrika wanavyoijua Uingereza ya mwaka 1949. Tukamjibu: asante sana.

Zilipita wiki tatu. Ni yuleyule wa nne aliyekuwa akisoma hadithi ya mtu mwingine, akaona shukrani zimeandikwa juu, akatugeukia na kuuliza, na Bibi yetu tulimweka wapi? Tulirekebisha siku ileile. Tukamwandikia barua ndefu ya kuomba radhi na kumweleza hata habari ya koti. Hakujibu. Tukaandika tena wakati wa Kwaresima, na mara ya tatu baada ya Pasaka. Kimya. Huenda amekasirika, ingawa hatudhani. Huenda amehamia kwa waandishi wengine wanaoweka sukari pasipo pake. Na kuna ile hesabu ya umri wake ambayo hakuna kati yetu anayetaka kuimaliza.

Tangu hapo tumekuwa tukiwaona watu wa namna yake kila mahali. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, katikati ya salamu za Paulo, anajitokeza Tertio, aliyeuandika waraka kwa mkono wake, anasalimu kwa mstari mmoja na kupotea. Tumeusikia waraka huo tangu utotoni na hatukumwona. Mtakatifu Toma wa Akwino tunayemsoma darasani alikuwa na mwandiko mbaya ajabu ambao wachache sana waliweza kuusoma, na alikuwa na ndugu Reginaldo wa Piperno kama katibu na mwenzi wake. Mitihani inatuuliza juu ya Toma. Na jarida hili hili mnalosoma lina mama mmoja mwalimu mstaafu wa parokia ambaye kila mwezi anatukatia sentensi zetu ndefu. Jina lake halijawahi kuchapwa kwa sababu anakataa. Mama, shikamoo, na hii uiache kama ilivyo.

Mwezi uliopita tulichangishana tukaenda kuomba nia ya Misa. Padre alishika kalamu akauliza, jina? Tukatazamana. Tukamwambia, Mbayuwayu. Alituangalia kwa muda, akatusikiliza, kisha akaandika. Jumapili ile, kikanisa kikiwa kimejaa na waamini wa kigango jirani, akatangaza kwamba Misa ni kwa nia ya Mbayuwayu, rafiki wa mafrateri. Watu waligeuka kutazamana. Tulipotoka, bibi mmoja wa kigangoni alitushika mkono mlangoni akauliza kama huyo Mbayuwayu ni mzima au ni marehemu, ili ajue amwombeeje. Tukamwambia hatujui. Akasema basi atamwombea kote kuwili, akafunga khanga yake vizuri, akashuka ngazi.